Uzi maalumu: Kuunganisha muziki wa mataifa kwenye miksi moja, kutoka Havana hadi Tandale

MpigaSanturi (Tanga), mwanzisha uzi

Wakuu, habari za humu.

Kila baada ya siku chache mtu anapandisha miksi humu na kuiita safari ya dunia. Ukiisikiliza unakuta Mali, halafu Brazili, halafu Uhindi, halafu Afrika Kusini, na sababu pekee ya nyimbo hizo kukaa pamoja ni kwamba programu imesema zote zina BPM 120, yaani mapigo 120 kwa dakika. Nyimbo zenyewe ni nzuri, lakini zimepangwa foleni tu. Hazijuani.

Hoja yangu ni hii: miksi ya muziki wa mataifa inashikwa na udugu wa kweli kati ya nyimbo. Udugu wa mdundo, wa ala, wa bandari, wa watu waliohama au waliohamishwa kwa nguvu. Ukiujua udugu huo, nyimbo mbili zenye kasi tofauti kabisa zitapokeana. Usipoujua, hata kasi zikilingana hadi nukta ya mwisho, sikio litakataa.

Nianze na ukoo ninaoupenda kuliko wote. Mwaka 1933 kampuni ya Gramophone ya Uingereza ilianza kuuza Afrika mfululizo wa santuri za GV, nyingi zikiwa za muziki wa Kuba. GV 1 ilikuwa "El Manicero" ya okestra ya Don Azpiazu, iliyorekodiwa New York mwaka 1930. Santuri hizo zikafika Léopoldville (Kinshasa ya leo) na Brazzaville, na watu wa pale wakaupokea muziki ule kama ndugu aliyerudi, maana sehemu kubwa ya mapigo yake ilivuka bahari na mababu waliouzwa utumwani. Wakaanza kuupiga kwa namna yao. Kile ambacho Kuba kilifanywa na piano kikahamia kwenye magitaa. Joseph Kabasele, yaani Grand Kallé, akaja na bendi yake ya African Jazz, mwaka 1956 ikazaliwa OK Jazz ya Franco, na rumba ya Kongo ikaenea bara zima.

Haikuishia hapo. Miaka ya 1970 santuri za Afrika, za Kongo zikiwemo, zilianza kushuka Cartagena na Barranquilla, pwani ya Kolombia. Huko kuna picó, spika kubwa kama kabati zilizochorwa rangi kali, zinazopigwa mitaani. Ma-DJ wa picó walikuwa wanakwangua lebo ya santuri kabisa, mpinzani akija kuchungulia asijue wimbo ni wa nani. Kutokana na santuri hizo ikazaliwa champeta.

Kwa hiyo ukipanga son (mtindo wa dansi wa Kuba), rumba ya Kongo na champeta ya Kolombia, unamsikilizisha mtu ukoo mmoja uliovuka Atlantiki kwenda na kurudi.

Sasa kazi ya mikono. Rumba ya zamani ina sehemu mbili: kwanza wimbo wenyewe, taratibu, kisha sebene. Usiiingize champeta kwenye ubeti. Ngoja sebene ifunguke. Waimbaji wanapumzika, gitaa la solo linashika kirai kimoja na kukirudia, ngoma zinachangamka. Kirai hicho tayari ni lupu, na kimepigwa na mkono wa binadamu. Champeta imetokana na sebene, kwa hiyo ingiza mapigo yake chini taratibu huku besi yake ukiwa umeizima, na ukiona mwimbaji wa Kongo anarudi kupiga mayowe ya kuchangamsha, badilisha besi hapohapo.

Jambo la pili ni kirai cha mapigo 16 ambacho kila anayefanya kazi hii akikariri:

x . . x . . x . . . x . x . . .

Hesabu: tatu, tatu, nne, mbili, nne. Hiyo ndiyo klave ya son. Utaikuta Kuba, utaikuta kwenye rumba na sebene, utaikuta kwenye baile funk ya Rio. Sehemu yake ya kwanza ukiifupisha unapata tatu-tatu-mbili, na hapo mlango unafunguka kweli: zouk ya Antili, kizomba ya Angola, reggaeton iliyokulia juu ya biti ya Shabba Ranks ya mwaka 1990, na hata mdundo wa Kiarabu unaoitwa malfuf, wote wana hesabu hiyohiyo. Kupita kutoka Cairo kwenda Luanda kwa malfuf ni rahisi kuliko kupita kutoka hausi (muziki wa klabu, house) moja kwenda nyingine.

Tahadhari moja. Klave ina upande wenye mapigo matatu na upande wenye mawili. Ukiingiza wimbo wa pili nusu ya kirai baadaye, upande wa tatu unaangukia juu ya upande wa mbili. Kasi zinalingana, lakini wachezaji wanaanza kujikwaa na hawajui kwa nini. Toa, rudi, ingia kwenye upande sahihi.

Nakaribisha maswali na nyongeza.

---

BintiKibokoni (Mombasa)

Ahsante sana kaka kwa uzi huu. Mimi napiga zaidi taarab, ya kwetu na ya Unguja, na nina swali lanisumbua. Programu yaniambia wimbo fulani wa zamani ni 8A, ile alama ya ufunguo wa wimbo. Natafuta hausi ya 8A, naviweka pamoja, na masikio yaniuma. Kasi ni sawa, ufunguo ni sawa kwa mujibu wa kompyuta. Tatizo ni nini?

---

MpigaSanturi

Dada, swali lako ndilo moyo wa kazi hii.

Programu inajua noti 12 tu, zile za kinanda. Muziki wa maqamu, yaani ngazi za noti za Kiarabu, una noti nyingine katikati. Maqamu ya rast na ya bayati zina noti ambayo iko kati ya funguo mbili za kinanda. Fidla, udi na kanuni vinaipiga bila shida. Programu ikiisikia inachagua jirani wa karibu na kukuandikia 8A. Hausi yako ni ya kinanda, noti zake zimesimama pale pale, kwa hiyo noti ya fidla na noti ya kinanda zinasuguana muda wote.

Lakini si taarab yote iko hivyo. Nahawandi, kurdi na hijazi zinakaa ndani ya zile noti 12. Nahawandi inakaribiana sana na maina (minor) ya Kizungu, hiyo changanya bila hofu. Hijazi ina sauti yake inayojulikana mara moja, na ina ndugu wengi: flamenko ya Andalusia, muziki wa Uturuki, muziki wa harusi wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Ukiwa na taarab ya hijazi, tafuta hao.

Kwa rast na bayati, fanya hivi: usikutanishe tuni na tuni. Taarab nyingi za zamani zinaanza na ala peke yake, na mara nyingine dumbaki inabaki uwanjani kidogo. Ingia hapo. Mapigo juu ya mapigo, na tuni ya wimbo wa pili ianze tuni ya kwanza ikiwa imeshanyamaza. Kama unahitaji kubaki na hausi chini, bakiza ngoma na besi ya noti moja, basi.

Kingine: kama unapiga bila kufunga ufunguo (key lock), kila ukiongeza kasi kwa takriban asilimia 6 wimbo unapanda nusu toni. Watu wengi wanaona ni kero. Mimi naitumia kama kifaa cha kurekebisha noti.

---

BintiKibokoni

Sasa nimeelewa kwa nini nyimbo nyingine zakubali na nyingine zakataa.

Nami niongeze ukoo wa kwetu Mombasa. Taishokoto. Ni ala ya Kijapani, ilibuniwa Nagoya mwaka 1912, ina nyuzi na vibonye kama vya taipureta. Ikasafiri hadi Uhindi, huko waiita bulbul tarang, na Wabaluchi wana yao, benju. Ikafika pwani yetu na ikawa sauti ya harusi za Mombasa. Mwasikilizeni Bi Zuhura Swaleh na kundi lake, taishokoto yang'ara na chakacha iko chini yake. Ukitoka hapo ukaingia benju ya Kibaluchi, msikilizaji atadhani ni mpigaji yuleyule amebadilisha mdundo.

Na Uhindi tusiisahau. Juma Bhalo alichukua tuni za filamu za Kihindi akazitilia mashairi ya Kiswahili, na watu wa Mombasa walizipenda mno. Siti binti Saad mwenyewe alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Mtu akipanga taarab na muziki wa filamu za Kihindi pamoja, hajaunda jambo jipya, afuata njia ya majahazi.

---

AbuSalim_Maskati (Muscat)

Salaam aleykum jamaa.

Maadamu Binti katufikisha baharini, nami nilete liwa. Huku Oman, na Imarati, Kuwait na Bahrain pia, iko ngoma ya liwa iliyokuja na watu wa Afrika Mashariki. Mzumari mmoja mbele, ngoma kubwa nyuma, watu wanazunguka polepole halafu kasi inapanda. Nyimbo zake zina maneno ya Kiswahili mpaka leo, ingawa wengine waimbao hawayajui maana. Kila nikisikia zumari la Unguja nakumbuka liwa.

Ila mdundo ni wa sita, si wa nne. MpigaSanturi, wa sita unaufanyaje ukitaka kwenda kwenye muziki wa klabu?

---

MpigaSanturi

Wa aleykum salaam mzee wangu.

Usihesabu sita. Hesabu mapigo makubwa mawili, MOJA-mbili-tatu, MOJA-mbili-tatu. Mguu wa mchezaji unafuata hayo mawili. Weka pigo kubwa la liwa au la chakacha juu ya pigo la kiki (ngoma nzito ya chini) ya hausi. Kama pigo kubwa liko 120 kwa dakika, hausi ya 120 itakaa chini yake, na kile kinachobaki juu ni tatu dhidi ya mbili, ambacho kwa ngoma zetu ni jambo la kila siku. Programu hapa itakupotosha, mara nyingi itakuandikia 180 au 90. Gonga kwa kidole mwenyewe.

Ila mkutano huo uwe mfupi. Mdundo wa sita na wa nne vikikaa pamoja muda mrefu, cha nne kinashinda kwa sababu kiki yake ni nzito, na utamu wote wa liwa unapotea. Mimi naiacha liwa ipande kasi yake yote peke yake kwanza.

---

Mwana_Kivu (Goma)

Bandugu, jambo kwenu wote.

Nimesoma na nimefurahi kuona Grand Kallé na Franco wakipewa heshima. Lakini sikubaliani na kitu kimoja. MpigaSanturi anasema ngoja sebene. Ma-DJ wengi wakisikia hivyo wanafanya nini? Wanakata ubeti wote, wanaruka moja kwa moja sebene. Dakika mbili za gitaa, wanaondoka. Kwetu rumba ni maneno. Ubeti ndio unasema ni nani amekufa, ni nani ameachwa, nani hajalipa deni. Sebene inakuja kama faraja baada ya maneno hayo. Ukiitoa peke yake umebaki na mguu bila mwili. Rumba ya Kongo iliandikwa kwenye urithi wa UNESCO mwaka 2021, na si kwa sababu ya gitaa tu.

Jambo la pili, muziki huu ulirekodiwa bila saa ya kompyuta. Mpiga ngoma alikuwa anaongeza mwendo akiona wacheza wamechangamka. Leo kijana anachukua wimbo wa 1972, anaunyoosha kwenye gridi mpaka kila pigo linakaa kwenye mstari. Unaua kitu pale.

---

MpigaSanturi

Ndugu yangu, kwenye ubeti uko sahihi kwa wimbo mmoja mmoja, na mimi nasimama palepale kwa miksi. Ninachokifanya ni kuchagua rumba moja au mbili katika saa nzima na kuziacha ziimbe mwanzo hadi mwisho, bila kitu chochote juu ya maneno. Nyingine zinaingia kupitia sebene. Miksi ambayo kila wimbo unapigwa mzima inakuwa kipindi cha redio, na hilo ni jambo zuri pia, ila ni kazi nyingine.

Kwenye gridi nakuunga mkono kwa mikono miwili. Sebene inapanda kasi, na kupanda huko ndiko kunakomnyanyua mtu kwenye kiti. Njia yangu: wimbo wa zamani ndio unaoongoza. Wimbo mpya, ambao umetengenezwa na kompyuta na unakubali kunyooshwa bila kuumia, ndio unaomfuata mzee. Mkono mmoja kwenye kitelezeshi cha kasi, unausukuma kidogo kidogo. Na mkutano uwe wa mapigo 16 au 32, usizidi.

Na sauti. Rekodi za miaka ya 1950 na 1960 hazina besi nzito ya chini. Ukitoka kwenye amapiano ya Afrika Kusini, yenye lile gogo la besi linalotikisa ukuta, ukaingia rumba ya zamani, inasikika kama imetoka kwenye redio ya mbao iliyo chumba cha pili. Watu wanakimbilia kuongeza besi ya rumba. Usifanye hivyo, huko chini hakuna kitu zaidi ya mngurumo wa santuri. Punguza besi ya amapiano mapema, mapigo 32 kabla, sikio lizoee. Kisha ongeza geni (nguvu ya sauti) ya rumba kwa ujumla na sogeza kati kidogo, pale gitaa na sauti ya mwimbaji vinapoishi. Baada ya nusu dakika hakuna atakayekumbuka kwamba besi ilikuwepo.

---

DogoManzese (Dar es Salaam)

Shikamooni wakubwa.

Mimi ni wa singeli. Nikienda kupiga nje ya uswahilini naambiwa singeli ni kasi sana, haichanganyiki na kitu. Biti zetu ziko 200 na kwenda juu, nyingine zinakaribia 300. Huu udugu mnaousema sisi tunaupata wapi?

---

MpigaSanturi

Marahaba mdogo wangu. Wewe ndiye mwenye kazi rahisi kuliko wote humu.

Gawanya kwa mbili. Amapiano iko kati ya 110 na 115. Chukua ya 113, mara mbili ni 226. Singeli ya 226 inakaa juu yake pigo kwa pigo. Anza na amapiano yenye nafasi, isiyo na maneno mengi. Ingiza vibao vya juu vya singeli tu, yale makofi na kengele, kwa sauti ya chini. Mtu ataendelea kucheza polepole kwa miguu huku mabega yameshaanza kukimbia. Ukitoa gogo la besi, miguu inafuata mabega.

Na udugu uko nyumbani kwako. Singeli imetoka kwenye mchiriku na vanga, na watengenezaji wengi waliikata kutoka kwenye lupu za taarab za kinanda wakaziongeza kasi. Chukua taarab ya kisasa, sehemu ya kinanda kabla mwimbaji hajaingia, iweke kwenye lupu, ipandishe kasi hatua kwa hatua mbele ya watu, halafu achia singeli. Hapo unamwonyesha msikilizaji jinsi muziki wenu ulivyozaliwa. Watu wa Ulaya walianza kuufahamu kwa wingi kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliyotoa mkusanyiko wa studio ya Sisso mwaka 2017, lakini njia hiyo ya lupu mtu wa Tandale anaisikia bila kuelezwa.

Ukitaka majirani wa mbali, nenda Limpopo, Afrika Kusini, kwa mtayarishaji Nozinja na Shangaan electro yake, iko karibu 180. Ukiwa na singeli ya chini kabisa unaweza kuwakutanisha kwa kuivuta hiyo ya Limpopo juu kidogo.

---

Mwana_Kivu

Niseme moja zito halafu niwaache. Majina.

Mwaka 1992 kundi la Kifaransa la Deep Forest lilitoa wimbo uliopigwa dunia nzima, wenye sauti ya mwanamke akiimba bembelezo. Watu walidhani ni sauti ya msitu wa Afrika ya kati. Aliitwa Afunakwa, wa kisiwa cha Malaita, Visiwa vya Solomon, na wimbo wake unaitwa "Rorogwela". Mtafiti Hugo Zemp ndiye alimrekodi. Miaka mingi sauti yake ilizunguka ikiitwa ya Wambuti, watu wa msitu wa Kongo. Sisi tunaokaa karibu na Wambuti inatuuma mara mbili, kwa yule mama na kwa watu wa hapa waliovishwa wimbo usio wao.

Mnaoweka miksi mtandaoni, andikeni mwimbaji, bendi, mpiga gitaa kama anajulikana, nchi, mwaka, lebo. Siyo "african vocal 3".

---

MpigaSanturi

Naunga mkono neno kwa neno. Mtu aliyekwangua lebo ya santuri Cartagena alikuwa anatafuta riziki kwenye mashindano ya mtaa mmoja. Leo miksi yako inasikika popote, na yule mpiga gitaa au watoto wake wanaweza kuisikia. Kwa wanaotumia Mixcloud, ile tovuti ya kuwekea miksi, ukiandika orodha sawasawa inasaidia pia malipo ya haki kuwafikia wenye kazi. Angalieni tu kanuni yao: ukirundika nyimbo nyingi za msanii mmoja au za albamu moja, baadhi ya nchi hawataweza kuisikiliza.

Kwa kutafutia muziki wenye maelezo ya kutosha: mfululizo wa Zanzibara kwa taarab, Éthiopiques kwa Ethiopia, Analog Africa kwa bendi za miaka ya 1970. Na mkusanyiko wa Kampire wa mwaka 2024 unaotaja Ndola, wenye nyimbo za Kongo, Zambia na kwingineko. Kampire ni DJ wa Kampala aliyekulia Zambia, na kwake kila wimbo una sababu ya kuwa jirani na mwenzake.

---

DogoManzese

Wakubwa, nimekaa usiku kucha nimepanga nusu saa ya kwanza. Naomba mnikosoe.

1. Taarab ya kinanda, ala tupu
2. Chakacha yenye taishokoto, Mombasa
3. Liwa, Oman
4. African Jazz, Zaire, 1960
5. Champeta, Cartagena
6. Kuduro, Luanda
7. Amapiano 113
8. Singeli 226, lupu ya taarab ileile ya namba 1

---

BintiKibokoni

Mashallah. Namba 2 na 3 zibadilishe nafasi. Liwa yapanda kasi sana mwishoni, chakacha baada yake yatuliza, na taishokoto yatoa tuni safi ya kukutana na gitaa la namba 4. Ukiacha kama ulivyoweka, mzumari utaligonga gitaa uso kwa uso.

---

MpigaSanturi

Binti yuko sahihi. Na kuduro iko juu, karibu 140, ukitoka hapo kwenda 113 utaanguka. Iondoe, weka kizomba ya Angola, ina tatu-tatu-mbili na itakufikisha taratibu kwenye amapiano. Kuduro ihifadhi kwa nusu saa ya pili.

---

Mwana_Kivu

Namba 4, mdogo wangu: mwaka 1960 hakuna Zaire. Jina hilo lilikuja 1971. Andika Kongo, Léopoldville. Na kama rekodi hiyo ina gitaa la Docteur Nico, mtaje.

---

DogoManzese

Nimebadilisha mzee, na Docteur Nico nimemwandika. Natafuta sasa mpiga mzumari wa ile liwa, kwenye kanda wameandika "liwa" peke yake. AbuSalim, nakutumia kipande faraghani, naomba uulizie huko kwenu.

---

AbuSalim_Maskati

Lete. Ijumaa nakutana na wazee wa ngoma, nitawapigia wasikie.